Ofrenda ya Jamii kwa Mtindo wa Ofelia Esparza wa East Los Angeles: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya walimu, vikundi vya vijana, parokia, vituo vya utamaduni na wasanii wanaotaka kuielewa kazi ya ofrenda za hadhara kama inavyofanywa na Wachicano wa Los Angeles, au wanaotaka kujenga moja pamoja na majirani zao. Vipimo vyote ni vya ofrenda yenye upana wa mita 2.4, inayotosha ukumbi wa shule au kona ya bustani.

Ofelia Esparza ni nani, na kwa nini mnaanza naye?

Ni msanii Mchicana aliyezaliwa mwaka 1932 East Los Angeles. Amelea watoto tisa, amefundisha shule ya msingi ya City Terrace, na kwa miongo mingi amekuwa altarista, yaani mjenzi wa ofrenda. Ufundi aliupata kwa mama yake, Guadalupe, aliyetoka mji wa Huanímaro katika jimbo la Guanajuato, Mexico. Nyumbani kwao meza ya picha na mishumaa haikungoja Novemba. Ilikuwepo mwaka mzima, na Desemba ilipofika mama huyo huyo ndiye aliyepanga pango la Noeli. Mwaka 2018 mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani ulimpa Ofelia tuzo ya National Heritage Fellowship, ambayo ni heshima ya juu kabisa ya serikali ya nchi hiyo kwa wasanii wa jadi. Binti yake, Rosanna Esparza Ahrens, ni altarista pia, na mara nyingi hujenga pamoja.

Tunaanza naye kwa sababu ofrenda zake za hadhara huachiwa nafasi makusudi ili watu waje kuongeza majina na kumbukumbu za marehemu wao. Karibu kila tunachoelekeza hapa chini, kuanzia kimo cha ngazi ya chini hadi aina ya wino, kinafuata uamuzi huo mmoja.

Mchicana ni nani?

Ni mwanamke Mmarekani mwenye asili ya Mexico aliyechagua kujiita hivyo. Mwanamume ni Mchicano. Jina lilipata nguvu miaka ya 1960, wakati wa migomo ya vibarua wa mashambani California iliyoongozwa na César Chávez na Dolores Huerta, na hasa Machi 1968, maelfu ya wanafunzi wa East Los Angeles walipotoka madarasani kudai elimu bora. Si kila mwenye asili ya Mexico hujiita hivyo, kwa hiyo usimbandike mtu jina hilo kabla hajalitamka mwenyewe.

Ofrenda ni nini hasa?

Ni meza ya ukumbusho inayoandaliwa kwa ajili ya Día de los Muertos, siku za kuwakumbuka marehemu. Tarehe 1 Novemba kwa kawaida ni ya watoto waliofariki, na tarehe 2 ni ya watu wazima. Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanazijua tarehe hizi: ni Sikukuu ya Watakatifu Wote na Kumbukumbu ya Marehemu Wote, siku ambazo huku kwetu makaburi hufyekwa na misa husomwa. Mexico kalenda hiyo ya Kanisa ilikutana na mila za wenyeji zilizokuwepo kabla ya Wahispania kufika. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza sherehe hii kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Je, huku si kuabudu mizimu?

Swali hili huulizwa sana na wasomaji wa Kikristo na wa Kiislamu, na linastahili jibu la wazi. Kwenye ofrenda marehemu haombwi mali, haogopwi, wala hachinjiwi mnyama. Anakaribishwa kwa vitu alivyovipenda, anatajwa kwa jina, na habari zake zinasimuliwa kwa wajukuu. Familia nyingi husali rozari mbele ya meza hiyo; nyingine hazisali kabisa. Wapo wanaoamini kwamba roho hurudi usiku ule, na wapo wanaosema kinachorudi ni kumbukumbu. Ofelia Esparza amekuwa akisimulia fundisho alilolipata kwa mama yake kwamba mtu hufa mara tatu: anapokata roho, anapozikwa, na siku ambayo hakuna tena wa kumkumbuka. Ofrenda hujengwa kuizuia ile ya tatu. Mtu ambaye imani yake haimruhusu kuweka picha wala kuwasha mshumaa anaweza kuandika jina tu, na mchango wake ni kamili.

Ilitokaje nyumbani ikawa sanaa ya hadhara?

Mwaka 1970 mtawa Mfransisko na msanii wa uchapaji, Sista Karen Boccalero, pamoja na wasanii wa Mexico Carlos Bueno na Antonio Ibáñez, walianza kuchapa kazi za sanaa kwenye gereji moja East Los Angeles. Kituo kilichozaliwa pale ni Self Help Graphics & Art. Miaka michache baadaye wakaanza kuadhimisha Día de los Muertos hadharani, kwa maandamano, mavazi na ofrenda. San Francisco nako Galería de la Raza ilikuwa inafanya kazi kama hiyo miaka ile ile. Kwa familia nyingi za Wachicano, desturi ilikuwa imebaki kusafisha makaburi na kupeleka maua. Ofrenda kubwa ya mtaa mzima ilirudi kupitia vituo hivi. Kuanzia mwaka 1975 Self Help Graphics walikuwa pia na gari la sanaa, Barrio Mobile Art Studio, lililowafuata watoto shuleni na mitaani badala ya kungoja wao waje. Esparza aliingia katika mazingira hayo akiwa tayari ana ufundi wa nyumbani na uzoefu wa darasani, na vyote viwili vinaonekana katika kazi yake mpaka leo.

Ni vitu gani havikosi?

Maji kwenye glasi, kwa sababu aliyesafiri ana kiu. Chumvi kwenye kisahani. Mshumaa, na kwenye meza ya familia huwa mmoja kwa kila marehemu. Maua ya cempasúchil, yale ya rangi ya chungwa yenye harufu kali ambayo Wahindu wa Mombasa na Dar es Salaam hutungia mashada. Uvumba wa copal. Karatasi zilizokatwa nakshi, papel picado. Mkate wa siku hiyo, pan de muerto. Picha. Na vitu alivyovipenda mtu mwenyewe: kikombe chake, kofia, redio, pakiti ya sigara hata kama familia haikuipenda.

Ofrenda yenye glasi ya maji, mshumaa na picha moja tayari ni ofrenda. Mengine huongezwa kwa kadiri ya uwezo.

Tuanze maandalizi lini?

Mkitaka kuotesha maua wenyewe, sieni mbegu za cempasúchil ndefu katikati ya Julai, maana zinahitaji takribani miezi mitatu hadi kuchanua. Wiki ya mwisho ya Septemba tafuteni mahali na kibali. Oktoba nzima fanyeni warsha, moja kwa wiki: maua ya karatasi, kisha papel picado, kisha mafuvu ya sukari, kisha picha na majina. Kiunzi kisimame siku nne kabla ya tarehe 1 Novemba. Maua mabichi yaje mwisho, siku moja kabla.

Kosa la kawaida ni kuanza na kiunzi kwa sababu ndicho kinachoonekana. Warsha zikisogezwa nyuma, kazi ya mikono inabaki kwa watu watatu wa kamati wanaokesha, na jamii inakuja kutazama kitu ambacho haikukigusa.

Kiunzi kinajengwaje?

Ngazi tatu zinatosha. Ziko familia zinazojenga mbili na nyingine hadi saba, na kila idadi ina maana yake kwa wenyewe; kwa ofrenda ya jamii, tatu ndizo zinazofikika kwa mkono. Ngazi ya chini iwe na kimo cha sentimita 45, ya kati 75, ya juu 105, na kila moja iwe na kina cha sentimita 60. Ile ya sentimita 45 mtoto wa miaka minne anaifikia mwenyewe, na mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweka kitu chake bila kusaidiwa. Usiipandishe.

Tumia makreti imara chini na mbao za plaiwudi zenye unene wa milimita 12 juu, huku nguzo au kreti ikiwepo kila baada ya sentimita 60. Nafasi ikizidi hapo, mbao inabonyea katikati na glasi za mishumaa zinaegemeana. Funga makreti pamoja kwa waya au mikanda ya plastiki. Kreti zilizopangwa tu bila kufungwa husogea pale watu kumi wanapoegemea kupiga picha.

Kitambaa: kutoka sakafuni hadi nyuma ya ngazi ya juu ni sentimita 285. Chukua mita 6 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5, kata vipande viwili vya mita 3, viweke sambamba. Vitafunika upana wote na kubaki sentimita 30 kila upande. Pamba nzito ni bora kuliko satini, kwani kwenye satini kila kitu huteleza.

Na tao la maua juu yake?

Tao ni mlango, na ndilo watu wanaloliona kwa mbali. Linaanzia sakafuni upande mmoja wa ngazi, linapanda hadi kimo cha mita 2.1, na kushukia upande wa pili. Mzunguko wake ni takribani mita 5.3. Bomba la plastiki la nusu inchi lenye urefu wa mita 6 linatosha. Los Angeles huuzwa ya futi 10, kwa hiyo unganisha mawili. Kwa miguu, simamisha kipande cha nondo cha sentimita 80 ndani ya ndoo ya lita 20, ijaze mchanga, kisha ingiza ncha ya bomba juu ya nondo. Ndoo moja iliyojaa mchanga ina uzito wa kilo 30 na ushei.

Nje ya jengo, ndoo peke yake haitoshi. Kusini mwa California msimu huu huvuma Santa Ana, upepo mkavu na wa joto utokao bara kwenda pwani, nao huangusha tao lililojaa karatasi kwa pigo moja. Funga kamba mbili kutoka kileleni kwenda nyuma, uziweke kwenye vigingi au uzito mwingine. Upepo ukizidi, shusha papel picado kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoshika upepo zaidi.

Maua ya karatasi yanatengenezwaje?

Hesabu rahisi ni karatasi moja ya shashi ya sentimita 50 kwa 70 kwa ua moja. Ikate vipande vinane vya sentimita 25 kwa 17.5 na uvipange kimoja juu ya kingine, kingo zikilingana. Kunja kama feni, mkunjo wa sentimita 2, ukianzia upande wa sentimita 17.5, hadi upate ukanda mmoja wenye urefu wa sentimita 17.5. Funga kiuno chake katikati kwa waya mwembamba wa sentimita 20, ukiacha mkia wa kufungia kwenye tao. Kata ncha zote mbili kwa umbo la nusu duara. Fungua feni pande zote mbili. Sasa vuta tabaka moja moja kuelekea katikati, ukianza na la juu kabisa. Manne ya mwanzo yapande kabisa, manne ya mwisho yalale.

Karatasi huchanika watu wanapoishika nchani. Ishike karibu na waya, kwa vidole vikavu. Ua likiwa bapa, ujue tabaka zilivutwa mbili mbili. Ua likizunguka kwenye waya, kiuno hakikukazwa: zungusha waya mara tatu kwa koleo.

Kwa tao lote mnahitaji maua 140 hivi, safu tatu zilizobanana. Anayejifunza hutumia dakika kumi kwa ua la kwanza, na akishazoea anafanya kwa dakika nne au tano. Watu kumi wanamaliza tao kwa kikao kimoja cha saa mbili. Ofrenda za nje zinahitaji tahadhari ya umande: rangi ya shashi huchuruzika ikilowa na kutia madoa kitambaa na picha zilizo chini. Usiku lifunikeni tao kwa nailoni.

Papel picado inakatwaje bila vifaa vya mafundi?

Mafundi wa San Salvador Huixcolotla, mji wa jimbo la Puebla unaosifika kwa kazi hii, hurundika karatasi kwa makumi na kuzitoboa kwa patasi ndogo na nyundo. Kwenye warsha ya mtaani tumia mkasi mdogo wenye ncha kali. Chukua karatasi ya shashi ya sentimita 50 kwa 35. Kunja sentimita 3 za juu kwa ajili ya uzi na usizikate kamwe. Kunja karatasi katikati kwa urefu, kisha tena, halafu mara moja kwa upana. Zaidi ya hapo mkasi hautapita vizuri na nakshi za tabaka za ndani zitapotoka. Chora kwa penseli upande uliokunjwa. Acha ukingo wa sentimita 2 pande zote, na kati ya tundu na tundu acha daraja lisilopungua nusu sentimita.

Daraja jembamba ndilo linaloua kazi: karatasi inaonekana nzuri mezani, kisha inachanika mara tu inapotundikwa. Anza na matundu madogo ya katikati, malizia na pindo la chini. Fungua taratibu kwa kupuliza kati ya tabaka. Laza uzi ndani ya mkunjo wa juu, paka gundi nyembamba, na acha sentimita 3 kati ya karatasi na karatasi. Gundi ya maji ikipakwa kwa wingi hukunyaza shashi; ya kijiti ni salama zaidi.

Mafuvu ya sukari yetu yanapasuka. Kwa nini?

Unyevu, karibu kila mara. Kipimo ni kikombe 1 cha sukari nyeupe ya chengachenga ndogo, kijiko 1 cha chai cha unga wa ute wa yai, na kijiko 1 cha chai cha maji. Ongeza kwa uwiano huo huo. Sugua kwa mikono mpaka kusiwe na kibonge. Finya konzi moja: alama za vidole zikibaki, uko sawa, zikibomoka, ongeza matone machache ya maji. Shindilia kwenye kikalibu, sawazisha kwa kadi ngumu, geuza papo hapo juu ya ubao, na acha yakauke usiku kucha. Siku ya mvua au ya ukungu mzito usijaribu. Hayatakauka na yatalala ubavu. Jina likiandikwa kwenye paji la uso wa fuvu, ni kwa upendo. Mwambieni mapema mgeni ambaye hajawahi kuona.

Watu wanasimama, wanatazama, wanaondoka. Tufanye nini waongeze majina?

Hapa ndipo ofrenda za jamii nyingi zinaposhindwa, na chanzo ni muundo, wala watu hawana kosa. Ofrenda iliyojaa hadi ukingoni siku ya kwanza inaonekana imekamilika, na mgeni mwenye adabu hagusi kitu kilichokamilika. Fungueni mkiwa mmeacha nusu ya ngazi ya chini na theluthi ya ngazi ya kati wazi kabisa. Hata hivyo msiiache tupu: majina kumi hivi ya mwanzo, yaliyoandikwa na wazee wa mtaa siku moja kabla, humwonyesha mgeni kinachofanyika.

Wekeni meza ndogo hatua tatu kabla ya ofrenda, mahali ambapo lazima mtu aipite. Juu yake ziwepo kadi za sentimita 5 kwa 10 zilizotobolewa na kutiwa uzi tayari. Kalamu ziwe za wino usiofutika na zifungwe kwa kamba. Kalamu za kawaida hufifia haraka juani, na jina la mtu kufutika kwenye ofrenda yake ni jambo zito. Kadi zenye umbo la kipepeo hupendwa, kwani vipepeo wa monaki hufika misitu ya jimbo la Michoacán, Mexico, mwanzoni mwa Novemba na wengi huwaona kama roho zinazorudi.

Kinachofanya kazi kuliko vyote ni mtu. Awepo mpokezi muda wote, ikiwezekana wawili, mmoja akiwa mzee. Asiulize "Umefiwa na nani?" Aulize "Ungependa kumkumbuka nani?" Swali la kwanza huwafunga watu midomo, la pili huwafungua. Mtu akianza kulia, mpe kiti na usimharakishe. Ratiba ya wapokezi ipangwe kwa zamu za saa mbili, kwa sababu kusikiliza misiba ya watu kunachosha mwili.

Picha tuzipokeeje?

Nakala tu. Usipokee picha halisi hata mwenyewe akisisitiza. Jua, nta na umande havina huruma, na picha ya bibi mwaka 1938 haina ya pili. Piga picha kwa simu, chapisha kwa sentimita 10 kwa 15, gundisha kwenye kadibodi, andika nyuma jina la marehemu na jina la aliyeileta. Kwa desturi, mtu aliye hai hawekwi kwenye ofrenda. Picha za harusi na za familia ndizo huleta tatizo hili, basi kata nakala abaki marehemu pekee, kwa ruhusa ya mleta. Picha ya mtoto, au ya mtu aliyeuawa, iwekwe baada ya kuzungumza na familia yake ya karibu, wala si kwa ombi la rafiki peke yake.

Tunaishi Los Angeles, familia inatoka Mombasa. Tunaweza kuleta vya kwetu?

Ndiyo. Mkiwa wageni kwenye ofrenda ya wengine, ulizeni kwanza, kisha leteni kilicho chenu hasa. Kanga aliyoivaa bibi, ikiwa imekunjwa jina la kanga lionekane, ina nguvu kuliko fuvu la plastiki la dukani.

Kuhusu uvumba kuna undugu wa kweli. Copal ya Mexico ni utomvu wa miti ya jenasi Bursera, iliyo ukoo mmoja na miti ya ubani na manemane. Wazungu waliochukua jina hilo kutoka Mexico ndio walioliita kwa jina hilo hilo sandarusi la pwani yetu, lililosafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar karne ya 19 kutengenezea vanishi. Ubani na chetezo vya nyumbani vinafaa kabisa.

Mishumaa na uvumba ndani ya jengo?

Kumbi nyingi za umma haziruhusu moto. Tumieni ya betri na msione haya. Mkiruhusiwa moto, mshumaa uwe ndani ya glasi ndefu, sentimita 30 kutoka karatasi yoyote, na kusiwe na kitu kinachoning'inia juu yake. Mtungi wa kuzimia moto uwe hatua chache tu kutoka hapo, na mlinzi asiondoke hata mshumaa mmoja ukiwaka. Kwa uvumba, washa kaa, subiri dakika tano hadi kumi mpaka lifunikwe na jivu, ndipo uweke punje moja ya ukubwa wa harage. Vipande vitatu kwa pamoja vitalisha moshi king'ora cha moto, na hafla itaishia barabarani.

Chakula kinakaa muda gani?

Kilichopikwa, saa mbili, kisha kiondoke. Machungwa, malimau, miwa, karanga na mahindi makavu yanavumilia siku zote. Mkate ukae kwenye sahani yenye miguu au juu ya kisahani cha maji, vinginevyo sisimizi watautangulia. Chakula kilichokaa wazi mbele ya umma kisiliwe. Andaeni cha wageni pembeni.

Je, asiye Mchicano anaweza kuongoza kazi hii?

Kushiriki, ndiyo, na wengi wanafanya hivyo. Kuongoza, mtafuteni altarista wa jamii hiyo, mlipeni kama msanii, na jina lake liandikwe kwenye bango. Bajeti nyingi huwa na fungu la maua na spika lakini mjenzi anaombwa "ajitolee kwa jamii", na hilo si haki. Jamii hii ina sababu ya kuwa macho: mwaka 2013 kampuni ya Disney iliomba kusajili jina Día de los Muertos kuwa alama yake ya biashara, ikaliondoa ombi baada ya watu kupinga kwa nguvu.

Ofrenda pia isichanganywe na Halloween. Ondoeni utando wa buibui, damu bandia na mazombi.

Wapi tunaweza kuziona za mfano?

Makumbusho ya Historia ya Asili ya Los Angeles yana ofrenda ya Ofelia Esparza na Rosanna Esparza Ahrens iliyotengwa kwa ajili ya watu wa mji huo. Self Help Graphics huwa na maonyesho kila msimu. Washington, makumbusho ya Smithsonian American Art Museum yanayo kazi ya Mchicana mwingine mkubwa, Amalia Mesa-Bains, ofrenda kwa mwigizaji Dolores del Río. Hiyo imejengwa na mtu mmoja kwa ajili ya kutazamwa, na ukiilinganisha na za Esparza utaona mara moja tofauti ya nafasi aliyoachiwa mgeni.

Tunaibomoaje?

Pamoja, kwa mwanga, na siyo usiku wa tarehe 2 kila mtu akiwa amechoka. Tangazeni siku ya kuvunja mapema ili wenye vitu waje kuvichukua wenyewe. Kila kitu kilichoazimwa kiwe na namba inayolingana na daftari la mapokezi. Anzeni na picha, kisha vyombo, kisha maua mabichi, ambayo yaende kwenye mboji. Maua ya karatasi yasiyolowa yakunjwe na kuhifadhiwa kwenye boksi kavu, yatadumu miaka miwili au mitatu.

Kadi za majina zisitupwe. Zinakiliwe zote kwenye daftari, pamoja na mwaka, na kadi zenyewe ziwekwe kwenye boksi lenye mtunzaji anayejulikana kwa jina. Oktoba ijayo mpokezi awe nalo mezani. Mtu aliyeandika jina la mama yake mwaka uliopita huja kuuliza kama bado lipo, na lazima muweze kumwonyesha.